Mchoraji wa Bahari na Majina Yaliyozama

Maji ya Mto Kilombero hayakai Kilombero. Hupita chini ya daraja letu, huiacha Ifakara na mashamba yake ya mpunga, hukutana na maji ya Luwegu, na kuanzia hapo mto huitwa Rufiji. Kisha hushuka mpaka kwenye mikoko ya delta na kumwagika katika Bahari ya Hindi, mkabala na kisiwa cha Mafia. Kwa hiyo mkazi wa bonde hili, hata kama hajapata kuikanyaga pwani, na hata kama kati yake na Dar es Salaam kuna kiasi cha kilomita 400 za barabara, hawezi kusema kwamba bahari haimhusu. Kila siku anaipelekea maji.

Qur'ani Tukufu nayo haikuiacha bahari kwa watu wa pwani peke yao. Katika Sura ya An-Nahl, aya ya 14, Allah (S.W.) anawakumbusha wanadamu wote kwamba bahari imetiishwa kwa ajili yao: chakula kinatoka humo, mapambo yanatoka humo, na merikebu zinaipasua ili watu watafute fadhila za Mola wao na wapate kushukuru. Hiyo ndiyo bahari ya neema. Lakini wanadamu waliipokea neema hiyo, na baadhi yao wakaigeuza kuwa njia ya dhuluma. Juu ya maji yale yale yaliyobeba tende, nguo na vitabu vya elimu, walibebwa pia watu waliofungwa minyororo, na wengi wao hawakufika na majina waliyopewa na wazazi wao.

Tumeona vyema, katika kurasa hizi za familia, kumzungumzia mchoraji mmoja mzaliwa wa Unguja ambaye ameitumia sehemu kubwa ya maisha yake kuiuliza bahari swali hilo: ni nani waliopita hapa, na walikuwa wakiitwa nani? Mchoraji huyo ni Bi. Lubaina Himid. Hatumleti mbele ya wasomaji kama mfano wa ibada, kwani hayo ni baina ya mja na Mola wake. Tunamleta kwa sababu swali lake ni swali letu, na kwa sababu kisa cha maisha yake kinaanza na jambo ambalo kila nyumba ya Ifakara inalijua.

Mjane, mtoto na mbu

Bi. Lubaina alizaliwa Unguja mwaka 1954. Baba yake alikuwa na asili ya Visiwa vya Komoro, na mama yake alikuwa Mwingereza aliyesomea usanifu wa nakshi za vitambaa. Mtoto alipokuwa na umri wa miezi minne tu, baba alifariki dunia kwa malaria. Mama akabaki mjane katika nchi ya ugenini, na kichanga mikononi. Akafunga mizigo, akarudi kwao Uingereza, na mtoto akakulia huko, mbali na kaburi la baba yake na mbali na lugha ambayo angeisema lau baba angeishi.

Msomaji wa bonde la Kilombero hahitaji kuelezwa maana ya habari hiyo. Malaria imezifunga nyumba nyingi hapa kwetu. Watafiti walipiga kambi Ifakara tangu miaka ya 1950, wakati Mswisi Rudolf Geigy alipoanzisha maabara ambayo hatimaye ilizaa Taasisi ya Afya Ifakara tunayoijua leo. Katika miaka ya 1990 familia za wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa za kwanza nchini kuuziwa vyandarua vyenye dawa kwa mpango maalumu, vikiwa na jina la Zuia Mbu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ulionesha kwamba kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua hivyo viliongeza uwezekano wa kubaki hai kwa asilimia 27. Elimu hiyo iliyopatikana katika vitanda vya watoto wetu ilisaidia kuzishawishi nchi nyingine kutumia chandarua kama ngao.

Elimu hiyo ilichelewa kumfikia baba wa mtoto wa mwaka 1954. Tunalitaja hili ili tuone jinsi mdudu mmoja asiyefikia ukubwa wa punje ya mpunga anavyoweza kuugeuza mkondo wa ukoo mzima. Baba mmoja alikufa kwa homa, na mtoto wake akavushwa bahari. Tunapowahimiza watu walale ndani ya chandarua, huwa tunawaza juu ya uhai wa leo. Pengine tungewaza pia juu ya lugha, nasaba na majina ambayo chandarua hukinga yasipotee.

Dini yetu imempa yatima nafasi ya pekee. Bwana Mtume (S.A.W.) mwenyewe alizaliwa baba yake akiwa ameshafariki. Yatima hukosa mlezi, na mara nyingi hukosa pia nusu ya hadithi ya nafsi yake: babu alikuwa nani, alitoka wapi, alipenda nini. Mwenye kumlea yatima kwa mkate tu, bila kumpa hadithi hiyo, amefanya wema mkubwa, lakini amebakisha deni.

Kutoka ushoroba hadi ukumbi mkuu

Mama wa Bi. Lubaina alikuwa mtu wa nakshi na rangi, na mtoto alikua akiitazama kazi hiyo. Alisomea usanifu wa majukwaa ya maigizo katika Chuo cha Sanaa cha Wimbledon, London, akamaliza mwaka 1976, kisha akapata shahada ya uzamili ya historia ya utamaduni katika Chuo cha Kifalme cha Sanaa mwaka 1984. Elimu ya jukwaa haikumtoka. Hadi leo kazi zake nyingi ni kama jukwaa, ambapo mtazamaji hasimami mbali akiangalia, bali huingia katikati na kuzungukwa na maumbo.

Katika miaka ya 1980 kumbi za sanaa za Uingereza hazikuwa na nafasi kwa wanawake weusi. Bi. Lubaina hakukaa kulalamika. Aliandaa maonesho mwenyewe, akawaita wenziwe. Mwaka 1985, katika Taasisi ya Sanaa za Kisasa ya London, aliwakusanya wasanii wanawake 11 katika maonesho yaliyoitwa "Mstari Mwembamba Mweusi". Mahali walipopewa palikuwa ni ushoroba wa jengo tu. Wakazitundika kazi zao pale pale njiani.

Ikapita zaidi ya miaka 30. Alihamia Preston, kaskazini mwa Uingereza, akafundisha chuo kikuu mpaka akawa profesa, na akaendelea kuchora bila kuzungumzwa sana. Mwaka 2017 waandaaji wa Tuzo ya Turner, iliyo miongoni mwa tuzo kubwa za sanaa nchini humo, waliondoa sharti lililowazuia wasanii waliotimiza miaka 50. Mwezi Desemba mwaka huo huo tuzo ikaenda kwa Bi. Lubaina. Alikuwa na umri wa miaka 63, mshindi mwenye umri mkubwa kuliko wote waliomtangulia, na mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Mwaka 2021 jumba la Tate Modern la London lilimfungulia maonesho makubwa, kazi zake zimeoneshwa pia Sharjah katika Falme za Kiarabu, na alichaguliwa kuiwakilisha Uingereza katika maonesho ya kimataifa ya Venice ya mwaka 2026.

Tunayaeleza haya kwa ajili ya vijana wanaodhani kwamba kazi isiyosifiwa mwaka huu haina thamani. Mtu aliyefanya kazi yake vizuri katika ushoroba hakuhitaji kujifunza upya siku alipoitwa katika ukumbi mkuu.

Bahari katika kazi zake

Ajaye kuzitazama kazi hizi kwa matumaini ya kuona machweo ya jua na ngalawa zenye tanga jeupe ataondoka na maswali. Bahari ya Bi. Lubaina haikai nyuma ya picha kama pambo. Mara nyingi huonekana kupitia dirishani, imekaribia mno, na walio ndani ya chumba wanaonekana kama wanaosubiri uamuzi.

Mojawapo ya kazi zake mashuhuri, ya mwaka 1991, inaonesha wanawake wawili weusi ndani ya mashua. Kati yao kuna rundo la ramani, nao wanazichana na kuzitupa majini. Mchoro huo unajibu mchoro wa zamani wa James Tissot, wa karne ya 19, ambao ndani ya mashua ulimweka askari katikati ya wanawake wawili. Bi. Lubaina alimwondoa askari, akaweka ramani, akawapa wanawake kazi ya kuziangamiza. Mwenye kujua jinsi mipaka ya Afrika ilivyochorwa na watu waliokaa mezani Ulaya ataelewa bila kuelezwa zaidi.

Kazi hiyo ni sehemu ya mfululizo unaowakumbuka walioangamia baharini. Miongoni mwao ni watu wa meli iliyoitwa Zong. Mwaka 1781 mabaharia wa meli hiyo ya wafanyabiashara wa Liverpool waliwatupa majini Waafrika zaidi ya 130 wakiwa hai, kisha wenye meli wakadai fidia ya bima, kama mtu anayedai fidia ya magunia yaliyolowa. Shauri lilipofika mahakamani mwaka 1783 lilisikilizwa kama madai ya bima na si kama kesi ya mauaji. Wala Zong haikuwa peke yake. Mwaka 1819, ndani ya meli ya Kifaransa Le Rodeur, ulizuka ugonjwa wa macho uliowapofusha mateka na mabaharia. Nahodha akaamuru mateka zaidi ya 30 waliopofuka watupwe baharini, kwa kuwa kipofu hangenunuliwa.

Bi. Lubaina ameuchora mfululizo mzima kwa jina la meli hiyo ya pili, kuanzia mwaka 2016. Lakini hakuchora minyororo, damu wala miili. Alichora watu waliovaa vizuri ndani ya vyumba, na bahari ikiwa nje, na kati yao kuna wasiwasi usiosemwa. Hapa pana adabu ya kujifunza. Kumwonesha aliyedhulumiwa katika hali ya kudhalilishwa ni kumdhalilisha mara ya pili. Sisi tunaosambaza picha za maiti na majeruhi kwa simu zetu, kwa hoja kwamba tunawahurumia, tuna la kutafakari.

Kazi nyingine, ya mwaka 2019, inaitwa "Mashua ya Zamani, Fedha Mpya". Ni mbao ndefu 32 zilizoegemezwa ukutani, zikifanana na mataruma ya jahazi lililovunjika, na juu yake zimechorwa kauri. Kauri hizo ndogo, ambazo wengine huziita kete na watoto huzichezea bao, zilikuwa fedha halisi katika Afrika Magharibi. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walizinunua kwa shehena kutoka Unguja na mwambao wetu, wakazizungusha mpaka upande wa pili wa bara na kununulia bidhaa huko. Katika biashara ya utumwa ya upande huo, binadamu alikuwa na bei iliyohesabiwa kwa kauri. Mzigo wa fedha nao ulipita baharini, na mwambao wetu haukuwa nje ya hesabu hiyo.

Na upo mfululizo unaoitwa "Zanzibar", alioufanya mwaka 1999 baada ya kurudi kukiona kisiwa alichozaliwa. Kazi hizo zimejengwa zaidi kwa rangi, mistari na nakshi kuliko sura za watu. Mojawapo ina jina lenye maana ya kwamba machozi ya wanawake huijaza bahari. Tunamkumbuka mjane wa mwaka 1954, tunalielewa.

Majina kwenye hati za hesabu

Kazi iliyotugusa kuliko zote ni ile ya mwaka 2004, ambayo jina lake lina maana ya kuipa fedha majina. Ni maumbo bapa 100 yenye kimo cha mtu, yaliyokatwa kwenye mbao na kupakwa rangi. Yanawakilisha Waafrika waliopelekwa Ulaya kuwatumikia matajiri: wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba, wachora ramani, wafunza mbwa na wengineo. Mgongoni mwa kila mmoja kuna karatasi mfano wa hati za hesabu za biashara. Humo mhusika anataja jina lake la asili na jina alilopewa na aliyemnunua, kazi aliyokuwa akiifanya kwao na kazi anayoifanya sasa, na mwisho anataja kitu kimoja kinachompa faraja. Bwana anamhesabu kama mali, na mtumwa anaitumia karatasi ile ile ya hesabu kumkumbusha kwamba yeye ana jina.

Mwislamu akiifikia kazi hii hana budi kumkumbuka Zaid bin Haritha (R.A.). Alitekwa akiwa mtoto, akauzwa sokoni, akafika nyumbani kwa Bibi Khadija (R.A.), na Mtume (S.A.W.) akamwacha huru. Kwa mapenzi makubwa yaliyokuwapo, watu wakawa wanamwita Zaid mwana wa Muhammad. Hakuna jina la heshima kuliko hilo. Hata hivyo Sura ya Al-Ahzab, aya ya 5, iliamrisha watu waitwe kwa baba zao, kwa kuwa huo ndio uadilifu zaidi mbele ya Allah, na ambao baba zao hawajulikani wahesabiwe kuwa ndugu katika dini. Zaid akarudishiwa jina la Haritha. Ikiwa hata jina la mapenzi halikuruhusiwa kulifunika jina la nasaba, itakuwaje jina la biashara?

Hapa tunapaswa kuwa waadilifu dhidi ya nafsi zetu. Ni rahisi kuzilaani meli za Liverpool na Ufaransa tukanyamaza juu ya majahazi yetu. Watu waliotekwa bara walipitishwa Kilwa Kivinje na Bagamoyo, wakavushwa kwenda Unguja na kwingineko, na miongoni mwa wafanyabiashara hao walikuwapo waliosali sala tano. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba mwaka 1873, katika enzi ya Sayyid Barghash, na hali ya utumwa katika Tanganyika ilifutwa kisheria mwaka 1922. Qur'ani, katika Sura ya Al-Balad, iliitaja kazi ya kumwacha huru mtumwa kuwa ni njia ya mlimani, yaani amali ngumu yenye malipo. Wapo walioupanda mlima huo, na wapo waliouzunguka. Kukiri hayo hakuitii dini dosari. Kunatenganisha dini na walioivunja.

Mfano wa jina lililozama tunao karibu. Sidi Mubarak Bombay alikuwa Myao aliyetekwa utotoni, akauzwa Kilwa na kupelekwa India. Bwana wake alipokufa alipata uhuru, akarudi Unguja. Kuanzia mwaka 1857 aliwaongoza Burton na Speke mpaka Ziwa Tanganyika, na baadaye alisafiri pamoja na Stanley na Cameron. Wazungu hao walirudi kwao na sifa. Yeye historia inamjua kwa jina la mji wa ugenini alikopelekwa kama bidhaa. Mama yake hakumwita Bombay.

Mizani ya sheria, na kipaji cha mtoto

Huenda msomaji akauliza: je, haya yote si mambo ya picha, na picha zina hukumu yake? Swali ni la haki. Wanachuoni wetu walio wengi wamekataza kuchora viumbe vyenye roho, kwa ushahidi wa hadithi sahihi, na wapo waliotofautisha kati ya kilicho na kivuli na kisicho nacho. Kazi nyingi za Bi. Lubaina zina sura za watu, na familia ya Kiislamu itazipima kwa mizani yake, ikimuuliza mwanachuoni wake.

Lakini tusifunge mlango ambao sheria imeuacha wazi. Imepokewa kwamba mtu mmoja aliyeishi kwa kuchora alimwendea Ibn Abbas (R.A.) kutaka fatwa. Ibn Abbas alimweleza makatazo, kisha hakumwacha mikono mitupu. Alimwelekeza kwenye miti na vitu visivyo na roho. Huo ndio ufundi wa kulea: kumkataza mtu jambo na kumwonesha njia. Na tazama, mbao zile 32 zenye kauri hazina sura ya mtu hata moja, lakini hakuna azitazamaye asiyewakumbuka watu. Mababu zetu wa Unguja na Lamu waliyajua haya kabla yetu. Kwenye milango yao walichonga mawimbi, minyororo, maua na maandishi ya aya, na mpita njia aliisoma nyumba kabla ya kubisha hodi.

Basi mzazi ambaye mtoto wake anachorachora pembezoni mwa daftari asianze na fimbo. Amnunulie rangi na karatasi, amwelekeze kwenye mto, mitumbwi, makasia, mashuke ya mpunga, milima ya Udzungwa inayotutazama kwa mbali, hati za Kiarabu na nakshi za kanga. Kipaji ni amana. Kikivunjwa hakigeuki kuwa ucha Mungu. Mara nyingi hugeuka kuwa kinyongo, na mtoto hukipeleka mahali ambapo mzazi hatamwona.

Kuhusu kanga, akina mama wana la kujivunia. Bi. Lubaina amefanya kazi nyingi zinazofuata mpango wa kanga: pindo pembeni, mji katikati, na maneno chini yake. Kitu ambacho mama wa Kilombero anajifunga anapokwenda kisimani, na anachombebea mtoto mgongoni, kimetundikwa katika majumba makubwa ya sanaa kikiwa lugha kamili. Wala si ajabu kwamba maneno yale ya kanga tangu zamani huitwa jina. Kanga isiyo na jina huonekana pungufu. Ajabu ni kwamba tunaijali kanga kuliko tunavyomjali bibi aliyeivaa.

Daftari la kila nyumba

Bonde letu ni bonde la waliofika. Wandamba wanaujua mto huu tangu zamani, na pamoja nao wako Wambunga, Wapogoro, Wabena na Wahehe. Wakaja waliofuata mashamba ya miwa, waliofuata reli ya TAZARA, waliofuata malisho na waliofuata mpunga. Katika safu moja ya sala ya Ijumaa wanasimama watu ambao babu zao hawakuwahi kusikiana majina. Sisi tunaoandika daftari la msikiti, la ndoa na la maziko, tunaliona jambo moja likijirudia. Kijana anaulizwa jina la baba, analitaja. Anaulizwa la babu, anasita. Anaulizwa la mama wa babu, anamtazama mjomba wake, na mjomba naye anatazama chini. Hakuna meli iliyomchukua. Amekaa nyumbani, na majina yamezama sebuleni.

Kwa hiyo tunazishauri familia jambo jepesi. Linunuliwe daftari moja, si la shule wala la mikopo. Mtoto mwenye hati nzuri akae na bibi au babu baada ya sala ya alasiri, aandike majina kwa ukamilifu, ya upande wa baba na ya upande wa mama, na mbele ya kila jina aandike alikozaliwa mtu huyo, mto au bahari aliyoivuka, kazi ya mikono yake, na jambo moja alilolipenda. Palipo na yatima, wanaomjua baba yake waende kwake kabla hawajafa, wamweleze alivyocheka na alivyotembea. Na katika ukoo ambao ndani yake yumo aliyeletwa na utumwa, jina lake liandikwe wazi, kwa maana aibu ni ya aliyemuuza. Mtoto anayechora ayapambe majani ya daftari hilo kwa mawimbi, miti na nakshi.

Mwanamke mmoja aliyevushwa bahari akiwa na umri wa miezi minne ametumia zaidi ya miaka 40 kuwatafutia majina watu asiowajua, kwa mbao, rangi na subira. Sisi wetu tunawajua, au wapo bado wanaowajua, nao wamekaa barazani wakisubiri kuulizwa. Tuwaulize wiki hii. Na kwa wale ambao majina yao hatutayapata kamwe, tuwaombee, kwani Allah (S.W.) anayajua majina yote, yaliyoandikwa na yaliyozama.

Wabillahi tawfiq.